Ian Donald

Ian Donald (Liskeard, Cornwall, 27 Desemba 1910 – Paglesham, Essex, 19 Juni 1987) alikuwa daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuingiza ultrasaundi, yaani uchunguzi kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, katika utunzaji wa wajawazito.

Lisilojulikana sana ni kwamba kabla ya hapo alihangaika kwa miaka kadhaa na mapafu ya watoto wachanga walioshindwa kupumua, wengi wao wakiwa njiti. Kazi hizo mbili hakuziunganisha yeye mwenyewe. Ziliunganishwa miaka mingi baadaye, pale madaktari walipoanza kukipima kwa ultrasaundi kifua cha mtoto njiti ili kujua mapema kama atapata ugonjwa sugu wa mapafu.

Utoto na elimu

Donald alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake, John Donald, alikuwa daktari kutoka ukoo wa madaktari wa Paisley, Uskoti. Mama yake, Helen Barrow Wilson, alikuwa mpiga piano. Alianza masomo Uskoti, lakini afya mbaya ya baba iliilazimisha familia kuhamia Afrika Kusini, ambako hali ya hewa ilitarajiwa kumsaidia.

Mwaka 1927 familia ilipatwa na dondakoo. Mama alifariki, na miezi michache baadaye baba naye akafa. Watoto wanne walibaki chini ya uangalizi wa mtunza nyumba wao, Maud Grant, ambaye aliendelea kuwalea. Ian alisoma lugha, falsafa na muziki, akapata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1930. Mwaka uliofuata walirudi Uingereza, naye akajiunga na shule ya udaktari ya Hospitali ya St Thomas, London. Alihitimu mwaka 1937, na mwaka huohuo akamwoa Alix Richards, binti wa mkulima wa Afrika Kusini. Walizaa mabinti wanne.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza kama daktari. Ndege moja iliposhika moto ikiwa bado imebeba mabomu, aliingia ndani na kuwatoa wanajeshi waliokuwamo. Kwa tendo hilo alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1946.

Jeshini alizoea pia vyombo vya rada na sona. Rada hutuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake kutoka kwa ndege iliyo mbali. Sona hufanya vivyo hivyo kwa sauti ndani ya maji, ikitafuta nyambizi. Donald alipenda mashine tangu utoto, na wazo la kutambua kitu kisichoonekana kwa kusikiliza mwangwi wake halikumtoka kichwani.

Mapafu ya watoto wachanga

Baada ya vita alirudi St Thomas, kisha akahamia Hospitali ya Hammersmith, pia London. Tatizo lililomshughulisha wakati huo lilikuwa la watoto waliozaliwa hai lakini wakashindwa kupumua. Wengi walizaliwa kabla ya wakati. Walianza kwa kukoroma na kuvuta mbavu ndani, wakachoka, wakafa ndani ya siku mbili au tatu. Wapasuaji wa maiti walikuta vifuko vya hewa vimesinyaa na kufunikwa na utando mwororo, kwa hiyo ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa utando angavu. Hakuna aliyejua chanzo chake.

Donald pamoja na mtaalamu wa fiziolojia Maureen Young walitengeneza mashine ya kuwasaidia watoto hao, wakaionyesha mwaka 1952. Tofauti yake na mashine nyingine za kupumulia za siku hizo ni kwamba haikumlazimisha mtoto kufuata mwendo wake. Ilisubiri mtoto mwenyewe aanze kuvuta pumzi, hata kama ni kidogo sana, ndipo ikamsukumia hewa. Wazo hilo lilitangulia wakati wake: mashine nyingi za leo katika wodi za njiti hufanya kazi kwa msingi huohuo. Mwaka 1953 alichapisha matokeo pamoja na Josephine Lord katika jarida la Lancet. Alitengeneza pia kifaa rahisi zaidi cha kumpulizia mtoto hewa. Wenzake walimpa jina la utani lenye maana ya Donald kichaa, kwa jinsi alivyozungukwa na mipira, vali na vyuma.

Mwaka huohuo wa 1953, yeye na mtaalamu wa eksirei Robert Steiner waliandika kuhusu kuutambua ugonjwa wa utando angavu kwa picha za kifua. Makala hiyo hutajwa mara chache katika habari za maisha yake, ingawa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi alikokuwa anaelekea. Badala ya kungoja mtoto afe ndipo mapafu yatazamwe, Donald alitaka kuyaona angali hai. Eksirei ilimsaidia kwa kiasi hicho tu, maana haikuweza kurudiwa kila mara bila kumwongezea mtoto mionzi.

Chanzo cha ugonjwa kilipatikana mwaka 1959 nchini Marekani. Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa nao yalipungukiwa na surfaktanti, yaani ute unaozuia vifuko vya hewa kushikana kila pumzi inapotoka. Mtoto aliyekomaa huzaliwa akiwa nao. Njiti mara nyingi hana wa kutosha. Tiba ilichelewa zaidi. Mwezi Agosti 1963 mtoto wa rais John F. Kennedy, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na siku mbili, licha ya kuwa mikononi mwa madaktari bora wa Marekani. Kumpa njiti surfaktanti kutoka nje kulifanikiwa kwa mara ya kwanza huko Japani mwaka 1980.

Glasgow na ultrasaundi

Mwaka 1954 Donald aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akaiacha kazi ya mapafu. Kabla ya kuondoka London alikuwa amemsikiliza John Wild, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, akieleza jinsi alivyotumia ultrasaundi kuchunguza uvimbe wa matiti.

Glasgow ulikuwa mji wa viwanda vya meli na mitambo ya mvuke. Viwandani, mafundi walitumia mwangwi wa ultrasaundi kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mume wa mgonjwa mmoja wa Donald alikuwa mkubwa katika kampuni ya Babcock & Wilcox huko Renfrew, naye akamfungulia mlango. Tarehe 21 Julai 1955 Donald alifika kiwandani na magari mawili, buti zake zimejaa uvimbe uliotolewa tumboni mwa wanawake kwa upasuaji. Kiwanda kiliweka kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kwa ajili ya kulinganisha. Mwangwi wa uvimbe wenye maji ulionekana tofauti kabisa na ule wa uvimbe mgumu, na Donald akaridhika kwamba amepata njia.

Mashine ya kwanza aliyoipata hospitalini ilikuwa kuukuu na haikufaa. Msaada ulikuja kwa bahati. Tom Brown, fundi kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, alisikia kwamba kuna profesa anayepima watu kwa kifaa cha kupimia chuma, akampigia simu. Brown ndiye aliyeunda mashine ambazo Donald alihitaji, ikiwemo ya mwaka 1957 iliyochora picha kwa kifaa kilichoguswa moja kwa moja kwenye ngozi iliyopakwa mafuta. Daktari John MacVicar alikuwa mtu wa tatu wa kikosi hicho. Mara nyingi habari za Donald husimuliwa kana kwamba alikuwa peke yake, jambo ambalo si haki kwa Brown hasa.

Mgonjwa aliyebadilisha mawazo ya wenzao alikuwa mwanamke aliyekuwa anadhoofika, tumbo limejaa. Alikuwa ameambiwa ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Mashine ilionyesha kitu tofauti: mfuko mkubwa wa maji wenye mipaka dhahiri. Alipasuliwa, ukatolewa uvimbe wa ovari usio saratani, akapona. Tarehe 7 Juni 1958 Donald, MacVicar na Brown walichapisha makala yao katika Lancet, ikiwa na picha za uvimbe wa aina mbalimbali na za kichwa cha mtoto tumboni.

Wakati huohuo Alice Stewart wa Oxford alikuwa ameonyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani zaidi kuliko wengine. Madaktari wa uzazi walihitaji njia nyingine ya kuona ndani, na ultrasaundi ilikuwa imefika. Mwaka 1963 Donald aligundua kwamba mjamzito akijaza kibofu cha mkojo, mimba changa sana huonekana, kwa sababu mkojo hupitisha sauti vizuri na kusukuma utumbo wenye hewa pembeni. Ndiyo maana hadi leo wanawake wengi huambiwa wanywe maji mengi kabla ya kupimwa.

Hospitali mpya ya wazazi, Queen Mother's, ilifunguliwa Glasgow mwaka 1964 kwa juhudi zake. Humo mwanafunzi wake Hugh Robinson alionyesha mwaka 1973 kwamba kwa kupima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni katika miezi mitatu ya kwanza, umri wa mimba hujulikana kwa tofauti ya siku chache tu. Kwa watoto njiti kipimo hicho kina uzito wa pekee, maana mtoto mwenye kilo moja na nusu anaweza kuwa njiti, au akawa amekomaa lakini hakukua vizuri tumboni, na mapafu ya hao wawili hayafanani.

Imani, tabia na miaka ya mwisho

Donald alikuwa Mkristo wa Kianglikana mwenye msimamo mkali dhidi ya utoaji mimba. Alipinga sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyouruhusu katika hali fulani, akatumia picha za ultrasaundi katika kampeni yake. Msimamo huo ulimletea heshima kwa wengine na uadui kwa wengine. Alikuwa mwepesi wa hasira, mcheshi, mpenda piano, uchoraji na mashua. Kitabu chake kuhusu matatizo ya uzazi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1955, kilitumiwa na madaktari kwa miongo kadhaa.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo, akafanyiwa upasuaji mkubwa mara tatu. Alitunukiwa nishani ya CBE mwaka 1973 na kustaafu mwaka 1976. Alifariki Paglesham, kijiji cha pwani ya Essex, akazikwa hapo.

Ultrasaundi ya mapafu

Kwa muda wote wa maisha ya Donald, mapafu yalihesabiwa kuwa kiungo kisichopimika kwa ultrasaundi. Sababu ni ya kifizikia: sauti inapotoka kwenye nyama na kukutana na hewa, karibu yote hurudi. Pafu zima, lililojaa hewa, humwonyesha mpimaji ukuta tu. Hewa ya utumbo ndiyo ile ile iliyomfanya Donald awajazishe wanawake vibofu.

Kuanzia miaka ya 1990 Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi nchini Ufaransa, alionyesha kwamba ukuta huo wenyewe una habari. Pafu zuri huchora mistari ya mlalo inayojirudia, ambayo ni mwangwi wa utando wa pafu. Pafu likianza kujaa majimaji au kuta zake zikivimba, hutokea mistari ya wima inayoshuka hadi chini ya picha. Ikizidi hushikana na pafu zima likaonekana jeupe. Sehemu iliyosinyaa kabisa bila hewa huonekana kama nyama ngumu, mfano wa ini. Kwa hiyo kadiri pafu linavyozidi kuumwa ndivyo linavyoonekana vizuri zaidi.

Katika muongo wa kwanza na wa pili wa karne ya 21, madaktari wa watoto wachanga, hasa wa Italia na Ufaransa, walihamishia elimu hiyo kwa njiti. Kifua cha mtoto ni chembamba, hivyo picha huwa safi kuliko za mtu mzima. Kila upande wa kifua hugawanywa sehemu tatu, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 kwa pafu zuri hadi 3 kwa pafu lililosinyaa. Jumla huwa kati ya 0 na 18. Wengine huongeza sehemu za mgongoni. Kwanza alama hizo zilitumika kuamua nani apewe surfaktanti katika saa za mwanzo. Baadaye zikaanza kutumika kutabiri ugonjwa sugu.

Ugonjwa huo, uitwao displasia ya bronki na mapafu, ulielezwa mwaka 1967 na William Northway na wenzake nchini Marekani. Waliwakuta njiti waliookolewa kwa mashine za kupumulia na oksijeni nyingi, lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Hapo ndipo kazi ya kwanza ya Donald ilipoonyesha upande wake wa pili: mashine iliyomwokoa mtoto ilichangia kumwumiza. Siku hizi ugonjwa huonekana zaidi kwa njiti wadogo sana, ambao mapafu yao yanasimama kukua kabla ya kukamilika. Kwa kawaida huthibitishwa mtoto anapofika umri wa wiki 36 tangu mimba ilipoanza, akiwa bado anahitaji oksijeni au msaada wa kupumua.

Kungoja wiki 36 ni kuchelewa. Kwa mtoto aliyezaliwa na wiki 26, hizo ni wiki kumi ambazo mapafu yanaendelea kuharibika. Dawa za kundi la steroidi, kama deksamethasoni, zaweza kumsaidia kuachana na mashine, lakini zikitolewa mapema kwa kila njiti zinaweza kudhuru ubongo. Daktari anahitaji kujua ni nani aliye hatarini kweli. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba njiti wenye alama kubwa za ultrasaundi wakiwa na siku 7 au 14 hupata ugonjwa sugu mara nyingi zaidi kuliko wenye alama ndogo. Utabiri huo si kamili. Huwa na nguvu zaidi ukiunganishwa na umri wa mimba, ambao nao, kwa njia bora, hujulikana kwa ultrasaundi ya mwanzo wa ujauzito.

Nchini Tanzania

Kwa mama wa Ruvu mkoani Pwani, iwe upande wa Kibaha au wa Kisarawe, kazi ya Donald hukutana naye kwanza kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri tangu mwaka 2016 kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Wanawake wengi nchini huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, na hapo umri wa mimba hukadiriwa kwa tarehe ya hedhi ya mwisho au kwa urefu wa tumbo. Njiti akizaliwa, hesabu ya wiki zake inaweza kukosewa tangu mwanzo.

Mtoto aliye katika hali mbaya hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Muhimbili ilikuwa kati ya hospitali tano, nyingine zikiwa Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu kumweka njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa bila kungoja atulie. Kati ya watoto wenye kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa mapema, asilimia 12 walifariki katika siku 28 za kwanza, dhidi ya asilimia 15.7 ya wale waliongojewa.

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki displasia haijaonekana sana, na sababu yake ni chungu: watoto wadogo kiasi cha kuipata hufa kabla ya kufikia umri wa kuthibitishwa. Kadiri utunzaji unavyoboreka, ndivyo watoto hao watakavyoishi na ugonjwa kujitokeza. Oksijeni ya nyumbani kwa miezi mingi ni ghali, na nyumba isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuendesha mashine yake. Kujua siku ya saba kwamba mtoto fulani yumo hatarini humpa daktari nafasi ya kupunguza madhara wakati pafu bado linakua.

Mashine yenyewe haihitaji kuwa ya pekee. Ile inayowapima wajawazito yaweza kupima kifua cha njiti, mradi iwe na kifaa cha mkononi kilichonyooka, chenye mawimbi ya masafa ya juu, na mtu aliyefundishwa kusoma picha. Mtoto hupimwa palepale alipolala, kwa dakika chache, bila mionzi, na anaweza kurudiwa kila wiki.